Steringi Hafi, Mpagazi Je? Vita ya Tabora Nayo Ina Haki ya Kuchekwa

Kuna kijana wa Lusu, kule Nzega mkoani Tabora, jina kapuni, kapigwa chini na mtayarishaji mmoja wa muvi wa Dar, naye jina kapuni. Kosa la kijana ni nini? Kaandika skripti ya muvi ya kuchekesha kuhusu Vita ya Kwanza ya Dunia. Siyo ile ya Ulaya ya mahandaki na theluji. Ni ile iliyopiganwa huku huku, Tanga, Rufiji, Kigoma na Tabora, kati ya 1914 na 1918, Mjerumani akikimbizana na Mwingereza na Mbelgiji huku mzigo ukiwa kichwani kwa Mnyamwezi.

Stori yenyewe, kwa waliobahatika kuisoma skripti, ni nyepesi kuielezea. Mwaka ni 1916. Wapagazi 12 wanapewa kazi ya kubeba bafu la bati la kuogea, mali ya ofisa wa Kijerumani, kutoka pande za Nzega mpaka Tabora mjini. Nyuma adui anakuja. Chakula hamna. Ofisa kagoma kuliacha bafu lake. Njiani mpagazi mmoja anafariki, wenzake hawana jeneza, hawana hata sanda. Wanakaa chini, wanajadiliana, mwisho wanamzika ndani ya bafu. Asubuhi ofisa anaamka na taulo begani, anauliza: bafu langu liko wapi?

Majibu ya bosi wa Dar yalikuja kwa voisi ya WhatsApp, na voisi hiyo imezunguka kwenye simu za watu mpaka basi. Kwanza, kasema, vita siyo kitu cha kuchekea, na hicho kipande cha bafu kitolewe kabisa. Pili, skripti haina steringi. Tatu, kama kijana anataka vita iuze, aweke mzungu mmoja mwenye sura, aweke na mapenzi.

Nyumbani nako hakukuwa na afadhali. Babu mmoja wa ukoo, aliposimuliwa hiyo stori, hakucheka wala hakufoka. Alimuuliza kijana swali moja tu: "Mjukuu wangu, hao unaowachekea, makaburi yao unayajua yalipo?" Kijana akanyamaza.

Tuje kwenye pointi. Bosi kakosea yote matatu. Babu hakukosea, kauliza swali la maana kuliko mtu yeyote kwenye sakata hili. Muvi ya kuchekesha kuhusu vita ni halali, tena imechelewa. Ila ina masharti yake, na masharti hayo hayakutungwa Hollywood. Watu wa Unyamwezi wanayo tangu enzi za misafara.

Hiyo ya mzungu na mapenzi ishatoka

Tuanze na ushauri wa tatu wa bosi. Muvi anayoitaka ipo, ilitoka mwaka 1951, inaitwa The African Queen. Dairekta ni John Huston, mastaa ni Humphrey Bogart na Katharine Hepburn, na Bogart aliondoka na Oscar ya mwigizaji bora wa kiume. Ilipigwa Uganda na Congo ya Mbelgiji, nyingine ikamaliziwa studio huko Uingereza. Lakini stori ni ya huku: Afrika Mashariki ya Mjerumani, mwaka 1914, vita ndo kwanza imeanza.

Mmisionari wa Kiingereza na dada yake wanaishi kijijini na waumini wao. Askari wa Mjerumani wanakuja, wanachoma nyumba, wanasomba watu. Mmisionari anachanganyikiwa, anaugua, anafariki. Dada mtu anaungana na fundi mmoja mlevi mwenye boti chakavu, wanashuka mto wenye maporomoko mpaka ziwani, lengo wakazamishe meli ya kivita ya Kijerumani. Mlokole na mlevi ndani ya boti moja, ebu fikiria. Kuna sehemu dada anamwaga chupa zote za pombe ya jamaa mtoni, moja baada ya nyingine, jamaa anatazama kama mtu anayeibiwa ng'ombe. Kiukweli inachekesha, hamna ubishi.

Muvi hiyo imetolewa kwenye riwaya ya C. S. Forester ya mwaka 1935, na hapo ndo pana siri. Riwaya ni chungu kuliko muvi. Kwenye muvi mambo yanaisha kama kila mtu wa kibanda umiza anavyotaka: steringi na mpenzi wake wako kwenye kitanzi, nahodha Mjerumani anawafungisha ndoa dakika za mwisho, mara puu, meli inalipuka kwa mabomu ya ile boti yao, wapenzi wanaogelea zao. Steringi hafi.

Kwenye riwaya ni tofauti. Boti inazama kwenye dhoruba kabla hata ya kuigusa meli. Wanakamatwa. Nahodha anawatazama walivyochoka, anaona haya kuwanyonga, anawapeleka kwa Waingereza chini ya bendera nyeupe kama mtu anayerudisha mbuzi aliyepotea. Halafu boti za jeshi la Uingereza zinakuja kuimaliza ile meli, chap chap. Mateso yote ya mtoni, homa zote, ushujaa wote, havikuwa na faida hata chembe. Wawili wale wanaelekezwa njia ya pwani wakaoane, na mwandishi hana hata haja ya kuahidi kwamba waliishi raha mustarehe.

Hiyo ndo kejeli ya vita: mtu anajiua kwa kazi ambayo vita haikumwomba. Muvi ikaikata, ikaweka mlipuko. Bosi wa Dar anataka kufanya kitu kile kile na bafu la kijana wa Lusu, miaka zaidi ya 70 baadaye.

Lakini kuna shimo kubwa zaidi, na hilo liko kwenye riwaya na kwenye muvi vyote viwili. Wale wanakijiji waliosombwa mwanzoni, walikwenda wapi? Wanatoka kwenye picha, hawarudi tena. Wasanii wawili wanapendana, wanagombana, wanapatana, wanavutwa na ruba, na hakuna hata mmoja anayejiuliza kijiji kizima kimeishia wapi. Muvi imeisha, watu wamepiga makofi, kijiji bado hakijulikani kilipo.

Jibu linajulikana. Walikwenda kubeba. Skripti ya kijana wa Lusu inaanzia pale The African Queen ilipogeuza kamera.

Ukweli wenyewe ni vituko vitupu

Bosi anasema vita siyo kitu cha kuchekea. Mtu anayesema hivyo hajaisoma vita hii. Vituko vyake mtu akivitunga ataambiwa kazidisha chumvi.

Novemba 1914 Waingereza walileta jeshi kutoka India kuiteka Tanga. Katikati ya mapigano nyuki wakachafukwa, wakashambulia watu. Waliong'atwa wakaamini Mjerumani kawatega nyuki hao makusudi, kumbe nyuki hawakuwa na upande wowote, walimng'ata kila waliyemkuta. Waingereza wakarudi melini, wakaacha silaha nyingi nyuma yao.

Ile meli ya kwenye riwaya nayo ina mfano wake wa kweli, Graf von Götzen. Iliundwa Papenburg huko Ujerumani, ikafunguliwa vipande vipande, ikafungwa kwenye makasha yapatayo 5,000, ikaletwa Dar es Salaam, ikapanda reli ya kati kupitia Tabora, ikaungwa upya Kigoma. Kuikabili, Waingereza walileta boti mbili ndogo kutoka London mpaka Cape Town, kisha kwa reli, kisha zikaburutwa porini na milimani Congo mpaka Ziwa Tanganyika. Kamanda wao, Geoffrey Spicer-Simson, alitaka ziitwe Paka na Mbwa kwa Kiingereza. Wakubwa wakakataa. Akazipa majina ya Kifaransa, Mimi na Toutou, yaani kama mtoto anavyomwita paka na mbwa wake. Huyo kamanda alikuwa anavaa sketi na mwili wake ulijaa tatuu. Desemba 1915 akateka meli moja ndogo ya Wajerumani, akaibatiza Fifi. Februari 1916 akazamisha nyingine. Ilipotokea Götzen yenyewe, ile kubwa, akagoma kwenda kupigana nayo.

Mwisho wa siku Götzen haikuzamishwa na shujaa yeyote. Julai 1916 Wajerumani wenyewe waliizamisha walipoona maji yamezidi unga. Mafundi wakaipaka mashine grisi kwanza isiingie kutu, kama mtu anayefunika chungu cha mboga akijua atarudi. Wao hawakurudi. Waingereza waliiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza kazi upya kwa jina la Liemba. Muvi iliilipua, yenyewe ikaendelea na maisha yake, ikipakia abiria, mahindi na migebuka, kwa miaka mingi.

Tabora nayo haikubaki nyuma. Serikali ya Mjerumani ilikimbilia huko, gavana na makabrasha yake. Pesa zikaisha, kwa kuwa Mwingereza kafunga bahari. Wakafanyaje? Wakaanza kugonga sarafu pale pale Tabora mwaka 1916. Za shaba zilitoka kwenye maganda ya mizinga na vyuma chakavu. Za dhahabu, za rupia 15, zina picha ya tembo, na dhahabu yake ilitoka mgodi wa Sekenke. Ziligongwa karibu 16,000. Serikali inakimbia mjini, na bado inachora tembo kwenye dhahabu.

Na mbio za kuuteka mji wenyewe? Mbelgiji, Jenerali Charles Tombeur, alikuwa anakuja kutoka magharibi. Mwingereza, Crewe, alishuka kutoka Mwanza kupitia Shinyanga, njia inayokatiza nchi hii hii ya kaskazini mwa Tabora. Wawili hawa ni washirika, ila kila mmoja anataka aingie wa kwanza. Mbelgiji kaingia tarehe 19 Septemba 1916. Mwingereza kafika kwenye reli siku kadhaa baadaye, mji una bendera ya mwenzie. Tombeur baadaye akapewa ubaroni na jina lake likaongezwa "wa Tabora". Brussels mpaka leo ina mtaa unaoitwa Tabora.

Hata kuisha kwake vita hii iliisha kwa kuchelewa. Ulaya walisimamisha mapigano tarehe 11 Novemba 1918. Huku jenerali wa Kijerumani, Lettow-Vorbeck, alikuja kusalimisha silaha tarehe 25 Novemba, kule Abercorn, Mbala ya leo nchini Zambia. Kuna watu walikufa kwa vita ambayo wenye vita walishaimaliza.

Na inasimuliwa kwamba mwaka 1964, Ujerumani Magharibi ilipokubali kuwalipa askari wake wa zamani malimbikizo yao, wazee walikusanyika Mwanza, wengi hawana cheti wala karatasi. Mtu wa benki akapata wazo: kila mzee akapewa ufagio, akaamrishwa kwa Kijerumani, bega silaha, shusha silaha. Hakuna aliyekosea hata amri moja. Miaka 46 imepita, mwili bado unakumbuka.

Hapo mtu anacheka, halafu koo linakauka. Ufagio ule ni muvi nzima. Ila subiri kidogo. Waliolipwa ni askari. Je, kulikuwa na foleni ya wapagazi?

Hesabu ya darasa la nne

Ukiangalia vizuri, chini ya kila kituko hapo juu kuna mtu kabeba kitu. Ili Mimi na Toutou zipite Congo, njia ilifyekwa kwa mikono na madaraja zaidi ya 100 yakajengwa na watu ambao hakuna aliyewapa majina ya Kifaransa. Crewe na Tombeur waligombana kuhusu mambo mengi, mojawapo ni wapagazi: nani atoe wangapi. Wengine walitolewa Uganda wakaja kumbebea Mbelgiji.

Sababu ilikuwa rahisi. Ndorobo waliua ng'ombe, punda na farasi. Barabara hamna. Reli ni moja, ya kati, na nyingine kaskazini. Kilichobaki ni kichwa cha binadamu. Na Unyamwezi kulikuwa na sifa ya kubeba tangu enzi za pembe, Bagamoyo mpaka Tabora, Tabora mpaka Ujiji. Enzi hizo kubeba ilikuwa kazi ya mwanaume mwenye jina lake, ana mshahara, ana kiongozi wa msafara, ana nyimbo, anarudi nyumbani na vitambaa na majembe. Vita ikaichukua kazi ile ile, ikaondoa mshahara wa maana, ikaondoa hiari, ikaondoa kurudi.

Sasa piga hesabu, haihitaji chuo. Mpagazi kabeba kilo 25 za unga kumpelekea askari. Anakula kilo moja kwa siku. Safari ni siku 10 kwenda na 10 kurudi. Hapo kala kilo 20. Askari anapata kilo 5. Ukisogeza mapigano siku 3 mbele, mpagazi anamaliza mzigo wote peke yake na bado ana deni la kilo moja. Ili mpagazi ale, unahitaji mpagazi wa kumbebea mpagazi. Na huyo wa pili atakula nini?

Hiyo ndo hesabu iliyowashinda maofisa waliosoma. Jibu lao mara nyingi likawa moja: punguza posho ya mpagazi. Watu wakala nusu, wakabeba kizima. Wakala unga usioiva, wakaharisha. Wakalala mvuani, wakapata nimonia. Kwa upande wa Waingereza pekee waliofariki wanahesabiwa zaidi ya 90,000, wengi kwa maradhi na njaa, siyo kwa risasi. Kwa upande wa Mjerumani hakuna aliyekaa chini kuwahesabu sawasawa. Vijijini waliobaki hawakuwa na nguvu kazi wala akiba, chakula kimesombwa na majeshi ya pande zote. Ugogo ikapigwa na njaa ya Mtunya.

Mbelgiji kapata "wa Tabora" kwenye jina lake. Wapagazi wa Mwingereza kikosi chao kiliitwa Carrier Corps, watu wakakitamka walivyoweza, na jina likabaki Dar es Salaam kama Kariakoo. Mamilioni wanakwenda pale kununua viatu na mapazia, na wengi hawajui kuwa wanalitamka jina la kikosi cha wabeba mizigo. Na hapo ndipo swali la babu linapouma. Makaburi yao yako wapi?

Sheria ya mtani

Hapa ndipo watu wawili wanaomgombeza kijana wanapotakiwa kukumbuka kitu wanachokijua tangu utotoni.

Huku msibani kuna mtu mmoja anayeruhusiwa kucheka. Ni mtani. Wanyamwezi na Wazaramo ni watani, na utani huo wengi wanaufuatisha na zile safari za misafara, mtu katoka Tabora kafika pwani kachoka, anapokelewa kwa matusi ya kirafiki. Mtani akija msibani atamwigiza marehemu alivyokuwa anatembea. Atalala kwenye kaburi akisema chumba kizuri, apangishwe yeye. Atakamata jembe, agome kulitoa mpaka alipwe. Mjane analia, na katikati ya kilio kicheko kinamtoroka. Hakuna anayempiga mtani. Wafiwa wanajua akiondoka yeye, watabaki na uzito peke yao.

Lakini angalia mtani anafanya nini kingine. Huyo huyo ndiye anayechimba. Ndiye anayebeba jeneza. Ndiye anayehangaika na maji na kuni. Hakuna mtani anayekuja kucheka tu, akala ubwabwa, akaondoka. Akifanya hivyo anaitwa jina jingine. Sheria ni hiyo: anayecheka msibani sharti ashike jembe.

Weka sheria hiyo kwenye muvi za vita za kuchekesha zinazosifiwa duniani, utaona zinazokaa na zinazochacha. Catch-22, muvi ya 1970 ya Mike Nichols, imetoka kwenye riwaya ya Joseph Heller ya 1961. Humo ukiomba kuachishwa kuruka vitani kwa sababu una wazimu, maombi yenyewe yanathibitisha una akili timamu, kwa hiyo rudi ukaruke. Ni hesabu ya mpagazi kabisa, wamevaa kofia za marubani tu. Heller hakusimuliwa, alikuwa mwenyewe kwenye ndege za mabomu Vita ya Pili. MASH, ya mwaka huo huo 1970, imetoka kwenye riwaya ya daktari aliyepasua majeruhi Korea. Hawa walishika jembe kabla ya kucheka.

Hata mgeni anaweza, akiwa na adabu. Mfaransa Jean-Jacques Annaud alipiga muvi Ivory Coast mwaka 1976, La Victoire en chantant, kuhusu wafanyabiashara wa Kifaransa barani Afrika wanaosikia habari za vita kwa kuchelewa na kuamua kuwavamia majirani zao Wajerumani, kwa kuwatumia Waafrika bila shaka. Kuna sehemu wapagazi wamewabeba mapadri kwenye machela, wanaimba kwa lugha yao jinsi mizigo hiyo inavyowaelemea na kunuka. Padri anasikiliza, anaona wimbo mtamu. Ukumbi unacheka, na wapagazi ndio wenye kichekesho. Muvi ile ilipata Oscar ya filamu ya lugha ya kigeni kwa jina la Ivory Coast.

The African Queen inachekesha, ila haikushika jembe. Ilikuja, ikacheka, ikala, ikaondoka.

Kwa bosi, kwa babu, na kwa kijana

Kwa bosi wa Dar: steringi yupo. Ni mpagazi. Kama tatizo ni kwamba anaweza kufa, basi kwa mara ya kwanza watazamaji wa kibanda umiza watakaa roho mkononi kweli kweli, maana hawajui nani anatoka. Na kama tatizo ni bajeti, skripti haina meli wala mizinga. Ina watu 12, ofisa mmoja, njia ya porini na bafu la bati. Miombo ipo, vumbi lipo, majaruba ya mpunga yapo, jua la Nzega halilipishwi. Wanaochangisha harusi ya milioni 30 wanaweza kuchangisha hii.

Kwa babu: swali lako limesikika, na jibu ni kwamba makaburi hayo hayajulikani yalipo. Ndiyo maana muvi inatakiwa. Mtu aliyezikwa bila watani alizikwa nusu. Kijana hawachekei waliokufa, anamchekea aliyewabebesha bafu. Akicheka vizuri, hata hao waliokufa watakuwa wamechekewa upande wao, jambo ambalo hawakulipata wakiwa hai.

Kwa kijana sasa, maana yeye ndiye mwenye kazi. Wanaoisifia skripti yake kuna kitu hawamwambii. Ofisa wa Kijerumani ana jina, ana mke Ujerumani anayemwandikia barua, ana wasiwasi wa kupata upara. Wapagazi wameandikwa Mpagazi wa 1, Mpagazi wa 2, mpaka wa 12. Anayezikwa ndani ya bafu ni Mpagazi wa 3. Hajulikani katoka kijiji gani, alikuwa anapenda nini, aliacha nani nyumbani, nani alikuwa anamdai. Yaani kijana kamchora mzungu mtu, na babu zake kawachora namba, kama orodha za jeshi zilivyofanya. Ndiyo maana alikosa jibu alipoulizwa makaburi.

Kipande cha bafu kisitolewe, hata bosi akija na hela taslimu. Ni kichungu, kinachekesha, na ni kweli kwa namna ambayo mlipuko wa ziwani haukuwa. Ila kicheko chake kitakuwa halali pale tu mtazamaji atakapojua nani yumo ndani ya lile bati. Kwa hiyo kijana arudi kwa babu na daftari. Aulize majina ya zamani ya Lusu na vijiji vya jirani, majina ya watu waliokwenda kubeba wakasubiriwa, na mambo waliyokuwa wanataniwa wakiwa hai: nani alikoroma, nani alipenda togwa, nani alikuwa mwoga wa fisi. Wazee wanayo, na wanaondoka nayo kila mwaka.

Bafu libaki. Mpagazi wa 3 apewe jina kwanza.